Msaada: nimevalisha feringi kwenye miguu ya RV-7, sasa goroli inakimbilia kulia

Kunguru_wa_Garaji (Minnesota)

Wakuu habari za wikendi. Naomba msaada kwa yeyote humu aliyewahi kujenga ndege yake au kumshikia mwenzake drili, najua tupo wa kuhesabika lakini nilipouliza mambo ya ripiti (vile vipini vya kuunganishia mabati) kipindi kile nilijibiwa vizuri kuliko kwa Wazungu ndiyo maana nimerudi nyumbani.

Ndege ni RV-7 ile yenye gurudumu la mkia, kit ya Van's ya kule Aurora, Oregon, yaani unanunua vipande unajijengea mwenyewe. Saa za majaribio nilishamaliza zote nikiwa na viatu vya magurudumu tu (maganda yanayofunika tairi), miguu yenyewe ilikuwa chuma kitupu. Kwa wasiojua, mguu wa hii ndege ni fimbo nene ya chuma cha springi, nene juu inapungua kadiri inavyoshuka, imechomekwa kwenye maunti ya injini (fremu inayoishika injini) halafu inashuka huku inaenda nje na nyuma. Feringi ni ganda la faibaglasi lenye umbo la tone la maji, limeachwa wazi nyuma, unauvisha mguu kama unavyomvisha mtoto koti halafu unafunga nyuma kwa bawaba ndefu ile ya piano, unapitisha waya, umemaliza. Kwa juu inashikwa na klipu ya hosi isiteleze wala isizunguke.

Mwezi uliopita nikasema sasa nivalishe. Ilikuwa usiku, niko peke yangu, ndege imesimama kwenye matairi yake. Nikachukua skwea ya seremala nikaiegemeza kwenye mguu, nikapima ukingo wa mbele wa feringi na ukingo wa nyuma ziko umbali gani kutoka mstari wa katikati niliouchora sakafuni, nikazungusha mpaka namba zikalingana, kushoto na kulia, nikakaza klipu, nikaenda kulala nimejiona injinia.

Kuruka kesho yake, spidi imepanda kweli, nilikuwa napata noti (maili za baharini kwa saa) 156 sasa napata 161 kwa pawa ileile na kimo kilekile. Ila goroli ya kwenye dashibodi imekaa nusu nje upande wa kulia na haitoki huko mpaka nikanyage pedali ya kulia, na sio kukanyaga mara moja, ni muda wote. Nilienda Fargo na kurudi mguu ukafa ganzi. Kabla ya feringi goroli ilikuwa inakaa katikati hata nikitoa miguu.

Niliposhuka nikafungua, nikakuta klipu ya kushoto imeteleza, alama niliyopiga kwa kalamu ya wino imehama karibu milimita moja. Kwa hiyo mtuhumiwa wangu ni feringi ya kushoto. Jamaa wa hanga ya jirani ananiambia nisijisumbue, nibandike kabari ya mbao kwenye usukani wa mkia nimalizane nayo, kila mtu anafanya hivyo. Mnasemaje? Halafu kuna suala la kubandika kipande cha mbao nyuma ya mguu ndani ya feringi kuzuia mtetemo, wengine wanasema lazima wengine wanacheka. Na waya wa bawaba mnaufungaje usichomoke?

Dogo_wa_Mbagala

Samahani wakuu natoka nje ya mada kidogo, yaani mtu anajenga ndege garaji kwake na serikali inamwangalia tu?? Huku ukiongeza chumba cha uani bila kibali mtendaji anafika kabla zege halijakauka

Kunguru_wa_Garaji (Minnesota)

Hahaha @Dogo hawaangalii tu. Sheria ya huku inataka zaidi ya nusu ya kazi iwe imefanywa na mtu anayejenga kwa ajili ya kujifunza au kujifurahisha mwenyewe, sio biashara, kwa hiyo nina picha za kila bati na daftari la kila siku niliyofanya kazi. Ikiisha anakuja mkaguzi wa FAA (mamlaka ya usafiri wa anga ya huku), akiridhika anakupa cheti halafu unaruka peke yako eneo ulilopangiwa saa 40, au 25 kama injini na propela ni mseto wenye cheti. Na lazima iandikwe EXPERIMENTAL mahali abiria anaposoma kabla hajapanda, shemeji yangu alisoma akashuka.

Bi_Timazi (Oregon)

Kunguru mwanangu, usibandike kabari yoyote. Kabari unaweka mwisho kabisa, baada ya kila kitu kunyooka, kwa kile kidogo kilichobaki. Ukiiweka leo unakuwa na feringi inayovuta ndege kushoto na mkia unaoivuta kulia, vinagombana siku nzima na petroli unalipa wewe.

Sasa nisikilize maana kosa lako nimelifanya mimi na mume wangu kwenye RV-6 yetu na lilituchukua majira mazima ya joto kulijua. Makosa yako ni mawili.

La kwanza, umepima ndege ikiwa imesimama kwenye matairi. Mguu huo ni springi, uzito ukiukalia unatanuka kwenda nje na unajipinda kidogo. Angani hakuna uzito juu yake, unarudi ulivyozaliwa. Kwa hiyo ulichokipanga usiku ule ni feringi ya ndege iliyopaki. Inua ndege mpaka matairi yaning'inie, jeki mbili chini ya mabawa pale kwenye vitundu vya kufungia kamba na mkia juu ya stendi yenye uzito wa kutosha, usije ukaona inataka kuinamia pua ukakimbia kuishika kwa mikono. Halafu isawazishe kwa pimamaji, kulia kushoto na mbele nyuma, ile ya mbele nyuma ndiyo watu wanaisahau kwa sababu ndege ya mkia ikisimama pua iko juu na hairuki hivyo.

La pili ndilo kubwa na ndilo lililokudanganya, hiyo skwea. Umeiegemeza kwenye mguu kwa hiyo ulikuwa unapima kwa mkato ulio mraba na mguu. Lakini mguu haukusimama wima, umelala kwenda nje na umelala kwenda nyuma. Ukienda mraba na mguu kutoka ukingo wa mbele kwenda wa nyuma unakuwa unapanda juu, na kwenye mguu uliolala kwenda nje kupanda juu ni sawa na kwenda ndani. Kwa hiyo feringi iliyokaa sawasawa kabisa ukiipima hivyo itakuonyesha ukingo wa nyuma uko ndani zaidi, wewe ukaona kasoro, ukautoa nje. Umeiharibu kwa kuinyoosha.

Upepo haujui mguu wako umelala vipi, unakuja mlalo. Basi na wewe pima mlalo. Chukua timazi mbili. Chagua kimo kimoja, tuseme sentimita 40 kutoka sakafuni, weka alama kwenye ukingo wa mbele kwa kimo hicho na kwenye ukingo wa nyuma kwa KIMO HICHOHICHO, angusha timazi kwenye kila alama, tia nukta sakafuni, kisha pima kila nukta iko umbali gani na mstari wa katikati. Zilingane. Rudia juu karibu na bodi na rudia chini karibu na kiatu, kwa sababu ganda lenyewe huwa limejisokota kidogo, ukinyoosha juu chini inakataa, hapo unagawana nalo hasara.

Ule mstari wa katikati pia usiuamini kama uliuchora ndege ikiwa chini. Angusha timazi katikati ya ukuta wa moto (bati linalotenga injini na chumba cha rubani) na nyingine mkiani, piga kamba ya chaki upya.

Ukishapima njoo na namba hapa. Na usimhukumu yule wa kushoto kabla hujapima.

Fundi_Hamilton (Ontario)

Bi Timazi kamaliza, mimi naongezea ya klipu na breki kwa sababu nimeona hapo umesema imeteleza.

Klipu ya hosi juu ya chuma kilichopakwa rangi itateleza tu mzee, hata uikaze mpaka meno yaruke. Mimi naukwangua mguu pale juu kwa msasa laini, LAINI, usiutie mkwaruzo chuma cha springi kwa sababu mkwaruzo ndipo ufa unapoanzia, nakwangua rangi inayong'aa tu isiwe telezi, halafu nazungushia tabaka mbili za utepe wa mpira ule unaojigandia wenyewe, klipu inakaa juu yake. Ndani ya feringi kwa juu unakuwa na kipande cha bati kimeripitiwa, ulimi wake ndio unaobanwa na klipu. Angalia huo ulimi usiwe mfupi, wangu wa kwanza ulikuwa mfupi klipu ikaumega.

Na usiifunge feringi chini. Narudia, chini iache huru. Mguu unapinda kila ukigusa uwanja, ukiibana juu na chini faibaglasi ndiyo inayobeba ule mpindo na haikuumbwa kwa kazi hiyo, itapasuka karibu na bawaba. Juu klipu, nyuma bawaba, chini inaelea ndani ya kile kikola cha kuunganisha na kiatu, na unaacha nafasi ya milimita 3 hivi isisuguane.

Sasa bomba la breki. Hili ndilo lililonipa ukichaa. Linashuka nyuma ya mguu na humo ndani ya feringi hakuna anayeliona. Mimi nilikuwa nimelifunga kwa taiwaya za plastiki, moja ikakatika, bomba likawa linacheza na ncha za ripiti za bawaba. Nikashtukia siku ya ukaguzi wa mwaka, nachomoa waya nafungua ganda naona mfereji umechimbika kwenye bomba, mng'aro wa alumini mpya, ukipitisha ukucha unaingia. Breki ya upande mmoja kwenye ndege ya mkia sio kitu unataka ikufie ukiwa unakimbia kwenye lami. Toka siku hiyo bomba nalilaza likagusane na mguu wenyewe, nafunga kwa utepe wa kitambaa kila sentimita 15, na ncha za ripiti kwa ndani nazifunika na ukanda wa faibaglasi.

Waya wa bawaba: unachomeka kutokea chini kwenda juu, ncha ya chini unaikunja kama ndoano inalala ubavuni ndani ya kile kikola cha chini. Kikola kikifungwa na skrubu zake waya hauna pa kwenda. Wengine wanatoboa wanafunga na waya wa usalama, pia sawa.

Mbao sikushauri. Mimi sina na sijaona tofauti.

Bi_Timazi (Oregon)

Fundi hapo kwenye mbao tutakosana. Nyie mna miguu iliyonyooka na bahati nzuri. RV-6 yetu ilikuwa ikipunguza mwendo baada ya kutua, pale inapokaribia mwendo wa mtu anayeendesha baiskeli kwa nguvu, miguu inaanza kutetemeka mbele nyuma mpaka meno yanagongana. Tukabandika ubao mwembamba nyuma ya kila mguu, tukazungushia faibaglasi na resini, ukaisha. Ubao haufanyi mguu uwe na nguvu zaidi, unaunyang'anya tabia ya kutikisika kama uzi wa zeze.

Ila nakubali kitu kimoja, mtu aanze na vitu vya bure. Punguza au ongeza upepo wa tairi, balansi tairi, angalia kama gurudumu limekaa sawa kwenye ekseli. Ukishindwa ndiyo uende kwenye mbao, maana ukishabandika ubao kuja kuutoa ni kazi ya patasi na machozi.

Fundi_Hamilton (Ontario)

Sawa mama nimekubali nusu 😀 hilo la upepo wa tairi kweli, mimi yangu ilitulia kwa kubadilisha presha tu na ndiyo maana sikuhitaji mbao

Rubani_wa_Vumbi (Kajiado)

Huku kwetu story ni tofauti kidogo bana. Sina RV lakini ndege ninayopeleka ina feringi za miguu na viatu, na uwanja tunaotumia ni murram, ikinyesha ni matope ya ile rangi nyeusi inashika kama simenti. Viatu tunavua msimu wa mvua, tope likijaa ndani ya kiatu linabana tairi na likikauka unabeba matofali. Lakini feringi za miguu tunaziacha, hazikusanyi kitu. Kwa hivyo kama kuna siku utahitaji kupunguza kimoja toa viatu, miguu wacha ivae.

Na swali kwa Bi Timazi, hivi kweli kifimbo chembamba namna hiyo kinaweza kula noti tano? Naona kama ni kitu kidogo sana ukilinganisha na bodi nzima.

Bi_Timazi (Oregon)

Rubani, fimbo ya mviringo ni mchawi. Upepo ukifika mbele unagawanyika vizuri, ukifika nyuma unashindwa kukutana, unaachia, unakuwa kama maji nyuma ya nguzo ya daraja, yale yanayozunguka. Ule mzunguko ndio unaokuvuta nyuma. Umbo la tone lenye unene uleule linakula kama sehemu moja ya kumi tu ya kile fimbo inachokula, kwa hiyo unaweza ukawa na tone nene kama mkono wako na bado likavuta kidogo kuliko fimbo nene kama kidole. Na hapo ni miguu miwili yenye urefu wa kutosha kwenye mwendo wa noti 150 na ushee, na mvuto unapanda kwa mraba wa mwendo.

Ndiyo maana miguu hii ya springi isiyo na ngoe wala mikono ilipendwa, ni rahisi kuivisha. Steve Wittman wa Oshkosh, Wisconsin, ndiye baba yake, alianza na bapa la chuma kwenye ndege zake za mashindano, Cessna wakalichukua miaka ya 1940, baadaye akaja na hii ya fimbo. Uwanja wa Oshkosh wenyewe una jina lake. Kunguru wewe uko jirani, mwisho wa Julai nenda kwenye maonyesho ya EAA (chama cha wajenga ndege) pale, usiangalie ndege za kivita, lala chali kwenye nyasi chini ya RV za watu uangalie miguu. Utaona watu ishirini wamefunga kwa njia ishirini na wote wako tayari kukueleza mpaka jua lizame.

Kunguru_wa_Garaji (Minnesota)

Shikamoo Bi Timazi. Nimepima.

Jumamosi nilikopa jeki za mabawa kwa chapter ya EAA ya huku, nikainua, mkia nikaufunga kwenye ndoo kubwa niliyojaza zege. Matairi yaliponing'inia tu niliona mwenyewe miguu imejikusanya ndani, sikuhitaji hata kupima. Timazi zangu ni nati mbili nzito za trekta na uzi wa kuvulia samaki, nikaziacha zining'inie ndani ya vikopo vya mafuta machafu ili zitulie zisiyumbe.

Ganda upana wake mbele nyuma pale nilipopima ni sentimita 15 hivi. Namba kwa kimo cha sentimita 40: kulia ukingo wa nyuma uko nje milimita 9 kuliko ukingo wa mbele. Kushoto uko nje milimita 2.

Nilikaa chini kwenye ndoo nikazitazama hizo namba. Yaani ile ya kushoto iliyoteleza, ambayo nilitaka kuivua nikaitukane, ndiyo iliyokuwa karibu na sawa. Ya kulia ambayo klipu ilishika vizuri haikusogea hata unywele ndiyo iliyopinda zaidi, kwa sababu ilibaki vilevile nilivyoiharibu mimi na skwea yangu.

Bi_Timazi (Oregon)

Marahaba mwanangu. Sasa unaona ilivyo. Milimita 9 kwenye sentimita 15 ni digrii tatu na nusu hivi, ya kushoto haifiki hata digrii moja. Ya kulia imegeuza pua yake ndani inasukuma kwenda kushoto, ya kushoto inasukuma kwenda kulia lakini kidogo, mvutano anashinda wa kulia. Na kwenye ndege ya mkia miguu iko mbele ya kitovu cha uzito, kwa hiyo anayesukuma pale anasukuma pua. Pua inataka kushoto, goroli inakimbia kulia, na wewe unakanyaga kulia mpaka Fargo.

Kama klipu ya kushoto isingeteleza zote mbili zingekuwa zimepinda nje sawasawa, zinasukumana kwa nguvu ileile, goroli ingekaa katikati. Ungeruka miaka kumi ukisifu kazi yako, na noti mbili tatu zinapotea kila safari hujui.

Ila usijifunze vibaya hapo ukadhani ikilegezwa upepo utaipanga wenyewe, hapana, ikilegea inakaa inapotaka na siku nyingine itachagua pabaya. Rekebisha zote mbili, kaza kama alivyosema Fundi, piga alama mpya, ruka. Usitegemee sifuri kamili hata namba zikiwa sifuri, upepo wa propela unakuja umejisokota, unapiga mguu wa kushoto na wa kulia kwa pembe tofauti kidogo. Ikibaki robo ya goroli, zungusha moja milimita moja moja, kati ya safari na safari. Na kila mara moja tu, usiguse mbili kwa pamoja utapotea.

Fundi_Hamilton (Ontario)

Na ukiwa umefungua angalia bomba la breki tafadhali

Kunguru_wa_Garaji (Minnesota)

Fundi nimeangalia na nimekuombea dua. Upande wa kushoto bomba lilikuwa limeshaanza kuacha alama nyeupe kwenye ncha ya ripiti ya tatu kutoka chini, halijachimbika, ni rangi ya faibaglasi imejipaka tu, lakini wiki nne tu hizo. Nimelilaza upya na utepe wa kitambaa na ncha zote nimezifunika na ukanda wa faibaglasi. Hapo kwenye ukanda nilipata tabu maana hanga ilikuwa na baridi, resini iligoma kukauka usiku mzima ikabaki kama asali, ikabidi niweke hita na kufunika mguu mzima na blanketi la mtoto. Mke wangu ameliona lile blanketi. Hatujaongea.

Mama_Warsha (Texas)

Kunguru pole na blanketi 😂 Nyongeza moja kwa vile bado hujatengeneza vikola vya juu, pale mguu unapoingia kwenye bodi. Usivitengeneze kabla goroli haijatulia! Mimi nilifanya haraka, nikafinyanga umbo kwa plastisini, nikafunika na utepe wa kufungia maboksi resini isigande, nikalaza kitambaa cha faibaglasi tabaka nne nimekikata mshazari kifuate kona, nikapiga pati, msasa, pati, msasa, vikatoka kama kiganja cha malaika. Halafu ndiyo nikagundua feringi inatakiwa kuzungushwa milimita 3. Vikola havikukubali tena, ufa ulikuwa unaonekana toka ng'ambo ya uwanja, nikarudia vyote.

Na vaa mikono mirefu na maski wakati wa msasa, jipake poda ya mtoto kwenye mikono kwanza, ule vumbi wa faibaglasi ukikuingia utajikuna mpaka Ijumaa. Kuoga anza na maji ya baridi.

Dogo_wa_Mbagala

Mimi bado nipo nasoma tu wakuu msidhani nimeondoka. Goroli ndiyo nini?

Rubani_wa_Vumbi (Kajiado)

@Dogo ni kigoroli kweli kabisa, kiko ndani ya kijibomba cha kioo kilichopinda chenye maji, kwenye dashibodi. Ndege ikienda imenyooka kinakaa katikati, ikienda upande upande kama kaa kinakimbilia upande mmoja. Hakina umeme hakina nini, na hakidanganyi.

Kunguru_wa_Garaji (Minnesota)

Mrejesho wakuu.

Nimepanga zote mbili, kushoto sifuri kwa kimo cha 40, juu karibu na bodi milimita 1 ndani, chini milimita 1 nje, ganda limejisokota kama alivyosema mama nikagawana nalo hasara. Kulia vivyo hivyo. Safari ya kwanza goroli ikatoka nusu ikarudi robo, bado kulia. Nikazungusha ya kushoto peke yake, ukingo wa nyuma ukatoka nje milimita 1 na nusu. Safari ya pili goroli inagusa mstari kwa ndani, nimetoa miguu kwenye pedali nikanywa chai ya flaski kutoka St. Cloud mpaka nyumbani. Noti 164 kwa pawa ileile. Kumbe tatu zilikuwa zinaliwa na skwea.

Alama ya kalamu kwenye klipu haijahama baada ya kutua mara tisa. Jamaa wa kabari kaja kuangalia, kakaa kimya, halafu kaniuliza kama zile nati za trekta naweza kumuazima.

Swali la mwisho Mama Warsha, hiyo plastisini ulitumia ya watoto ya dukani au kuna ya kazi maalumu? Maana nyumbani ipo ya watoto lakini kwa sasa nisingependa kuchukua kingine chochote chumbani kwa mtoto.